Trela ya mashua ya uvuvi: Yanayofaa kuzingatiwa kabla ya kununua

MASHUA huundwa ibebwe na maji. Maji huishika pande zote kwa wakati mmoja, na uzito wake husambaa chini yake yote. Siku inapotolewa ziwani na kupakiwa kwenye trela, uzito ule ule huangukia vipande vichache vya mbao na chuma, na kila tuta la barabarani huupiga kutoka chini. Chombo kilichostahimili mawimbi ya Ziwa Victoria kwa miaka kumi kinaweza kupasuka mbavu kwa safari moja ya saa tatu.

Suala hili linawahusu wakazi wa Ahero kuliko inavyodhaniwa. Mji huo, ulio umbali wa takriban kilomita 25 kutoka Kisumu, hauna ufuo. Unajulikana kwa mpunga, kwa mradi wa unyunyizaji ulioanzishwa miaka ya 1960, na kwa Mto Nyando unaofurika. Lakini ndipo barabara zinapoachana. Moja hupanda kuelekea Awasi na Kericho, nyingine hushika njia ya Katito, na kutoka hapo msafiri huendelea hadi Sondu na Kisii au hukata kulia kuelekea Kendu Bay na Homa Bay. Mashua itokayo kwa mafundi wa Kisumu ikielekea fuo za kusini hupita hapa, isipokuwa mwenyewe ameamua kuzungukia Bondo na kuvuka kwa feri kutoka Luanda K'Otieno hadi Mbita.

Mafuriko nayo huzigeuza safari hizo. Mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeshuhudiwa tangu miaka ya 1960, na tena katika mvua za masika za 2024, vijiji vya nyanda za Kano vilihitaji mashua mahali palipokuwa mashamba wiki chache awali. Katika hali kama hiyo, mashua iliyo Dunga isiyo na chombo cha kuifikisha Nyando haimfai mtu aliyekwama juu ya paa.

Je, trela inahitajika?

Kabla ya kuuliza ni trela ipi, mvuvi angefaa kujiuliza kama anaihitaji hata kidogo. Mashua nyingi za ziwani huundwa ufuoni, hushushwa majini zikisukumwa na vijana kumi au kumi na watano juu ya magogo, na huzeeka pale pale. Mwenye mashua ya namna hiyo, anayeitoa majini mara moja kwa mwaka ili kuitia kalafati na kuipaka rangi, atakuwa anatupa fedha akinunua trela. Lori la kukodi au vijana wa ufuoni wanamtosha, na fedha hizo ni afadhali ziende kwenye injini au jaketi za kuokolea maisha.

Trela ina faida kwa anayehama. Yumo mvuvi anayefuata samaki kutoka ghuba ya Winam hadi maji ya Mbita na Muhuru. Mfugaji wa samaki katika vizimba ambaye ana vizimba katika fuo mbili. Fundi anayeuza mashua za faiba kwa wateja wa mbali. Na kikundi cha ufuo kinachotumia mashua moja kwa doria na uokoaji. Kwa hao, trela huokoa siku nzima ya kazi kila safari, na vilevile humwondolea mwenye mashua utegemezi wa lori ambalo halikuundwa kubeba kitu chenye umbo la mashua.

Wengi watahitaji trela kati ya Aprili na Julai. Hicho ndicho kipindi ambacho uvuvi wa omena hufungwa nchini Kenya, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, ili samaki hao wadogo wapate kuzaana. Mashua za omena hutolewa majini kwa ukarabati. Kwa bahati mbaya, kipindi hicho huangukia masika, wakati udongo mweusi wa Kano unaponata magurudumu na barabara za kuelekea fuoni zinapogeuka tope. Trela inayofaa huku haiwezi kuchaguliwa kwa kutazama picha ya trela iliyoegeshwa kwenye sakafu ya saruji.

Uzito

Kosa la kwanza, na lililo ghali kuliko mengine, ni kupima urefu wa mashua na kusahau uzito. Muuzaji akiambiwa "mashua ya mita saba", ataonyesha trela ambayo mashua ya mita saba inatoshea. Kutoshea ni jambo moja, kubebeka ni jingine.

Chukua mfano wa mashua ya faiba ya urefu huo ambayo gamba lake tupu lina kilo 600. Injini ya nguvu farasi 40, ile ya aina inayochanganya petroli na oili, huongeza kilo 75 hivi. Lita 50 za petroli ni takriban kilo 37, kwa kuwa lita moja haifiki hata robo tatu za kilo kwa wingi. Nyavu, nanga, kamba, makasia, taa na masanduku ya barafu yanaweza kufika kilo 150. Tayari mzigo umefika kilo 862. Trela yenyewe ikiwa na kilo 350, jumla ni 1,212.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Nambari iliyogongwa kwenye kibati cha trela aghalabu ni uzito wa jumla, yaani trela pamoja na mzigo wake. Trela iliyoandikwa kilo 1,200 na ambayo yenyewe ina kilo 350 haibebi mashua ya kilo 1,200. Hubeba kilo 850 tu, basi. Kwa mashua ya mfano huu, na kwa barabara hizi, yafaa kuongeza asilimia 15 hadi 20 ya tahadhari, na hivyo kutafuta trela ya uzito wa jumla usiopungua kilo 1,400 au 1,500.

Mashua ya mbao huleta hesabu nyingine. Mbao hunywa maji, na mashua ile ile iliyopimwa ikiwa kavu kwa fundi huwa nzito zaidi baada ya miezi kadhaa ziwani. Anayepima apime ikiwa imeloa. Wakazi wa ukanda wa Nyando wana bahati kwa sababu eneo lao ni la miwa na mpunga, na mizani ya magari si kitu cha kutafutwa mbali. Pikapu na trela tupu hupimwa kwanza, kisha hupimwa tena mashua ikiwa juu, na tofauti ndiyo jibu. Shilingi chache zitakazolipwa hapo ni nafuu kuliko ekseli iliyopinda.

Jambo moja husahaulika kabisa, nalo ni maji ya mvua. Mashua iliyoachwa wazi usiku mmoja wa Aprili inaweza kukusanya maji ya kina cha sentimita 10. Katika sakafu ya mita tano kwa mita moja hizo ni lita 500, yaani kilo 500, ambazo hazikuwemo katika hesabu yoyote. Kizibo cha chini hufunguliwa mara tu mashua inapotoka ziwani, na hakirudishwi hadi itakapokuwa tayari kurudi majini. Waliowahi kusahau kukirudisha wanajua jinsi mashua inavyojaa maji haraka mbele ya watu.

Kiungio na kitovu cha uzito

Trela huyumba kwa sababu ya mzigo uliokaa vibaya. Sehemu ya uzito wa jumla, kati ya asilimia tano na kumi, inafaa kulalia kiungio nyuma ya gari. Kwa trela yetu ya kilo 1,212 hizo ni kilo 60 hadi 120. Ukipungua hapo, sehemu ya nyuma hulemea, na mwendo ukiongezeka trela huanza kutikisika kama mkia wa mbuzi. Dereva akikanyaga breki kwa hofu, mambo huzidi kuharibika. Ukizidi, nyuma ya gari hushuka, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hupoteza mshiko.

Mashua za injini ya nje hulemea upande wa tezi, yaani nyuma, kwa kuwa injini, matangi na mara nyingi betri vyote viko huko. Ndiyo sababu ekseli ya trela ya mashua hukaa nyuma zaidi kuliko ya trela ya kubebea mchanga. Fundi ambaye amezoea kuunda matrela ya mizigo ya kawaida huiweka ekseli katikati kwa mazoea, na kosa lake halionekani hadi siku ya kwanza barabarani. Heri ekseli iliyofungwa kwa bolti za umbo la U, ambayo inaweza kusogezwa, kuliko iliyochomelewa moja kwa moja kwenye chasi.

Kupima si kazi kubwa. Trela ikiwa imepakiwa na kusimama mahali tambarare, kiungio huwekwa juu ya gogo lililosimamishwa kwenye mizani ya bapa, kama ile inayotumika kupimia magunia ya mchele huko Ahero, kikiwa kwenye kimo kile kile kitakachokuwa nacho kikifungwa kwa gari. Nambari ikiwa ndogo, mashua husogezwa mbele au ekseli hurudishwa nyuma.

Kiungio chenyewe kina mtego wake. Matrela yanayoagizwa kutoka Uingereza au nchi nyingine za Ulaya hutumia kichwa cha duara cha milimita 50. Yale ya Marekani yana vipimo vya inchi, na kuna cha inchi mbili na kingine kidogo zaidi. Kikombe cha trela kikiwa kikubwa kuliko kichwa cha gari, vitu hivyo viwili hushikana vizuri vikiwa vimesimama na kuachana vikiruka kwenye tuta. Mnunuzi asome nambari iliyochongwa juu ya vyote viwili. Chini ya kiungio lazima pawepo cheni mbili, zilizopishanishwa kwa umbo la X, ili kiungio kikikatika kidakwe na cheni badala ya kuchimba lami.

Kinachoishika mashua

Mashua za mbao za ziwani, hasa zile ziitwazo Sesse kwa jina la visiwa vya Uganda, zina mkuku, yaani ule uti wa mbao unaopita chini katikati kutoka omo hadi tezi. Mkuku ndio wenye nguvu. Uzito ulalie hapo, juu ya msururu wa rola za mpira zilizopangwa karibu karibu, huku mbavu zikishikiliwa tu zisilale upande. Trela yenye rola mbili tatu zilizotengana sana itaufanya mkuku ujikunje kidogo kidogo kila gari linapopita shimo, na misumari italegea kabla ya mwenyewe kugundua. Vishikizi vya ubavuni navyo viwekwe mkabala na mataruma ndani ya mashua. Vikisukuma ubao mtupu katikati ya mataruma mawili, kalafati hutoka.

Mashua za faiba zenye sakafu pana hutaka kinyume chake. Rola huweka uzito mwingi katika nukta ndogo na huweza kuacha vibonyeo au nyufa nyembamba. Hizo zinafaa kulala juu ya mbao mbili ndefu zilizovishwa zulia, zikifuata mteremko wa tumbo la mashua. Mbao hizo sharti zifike hadi mwisho kabisa wa tezi. Injini hubebwa na ubao wa nyuma, na ubao huo usipokuwa na kitu chini yake, kila tuta huuvuta kuelekea ardhini. Trela iliyo fupi kwa nusu mita inaweza kuivunja mashua ghali namna hiyo bila mtu yeyote kuiangusha.

Kwa injini ndogo za nguvu farasi 15 kushuka chini, hakuna haja ya kubishana. Injini hufunguliwa na kusafirishwa ndani ya gari ikiwa imefungwa vyema. Huondoa mzigo nyuma ya mashua, na vilevile huiweka machoni pa mwenyewe, jambo ambalo wavuvi wa ziwa hili hawahitaji kuelezwa sababu yake.

Kufunga mashua kwa kamba ya wavu ni desturi, na si desturi nzuri. Nailoni hunyooka ikiloa, na fundo lililokaza Kisumu huwa limelegea Katito. Mikanda mipana yenye kikazo cha chuma, mmoja nyuma kuvuta chini kila upande na mwingine mbele, ndiyo inayoaminika. Kamba ya winchi isihesabiwe kuwa kifungo. Kazi yake ni kuipandisha mashua tu.

Chuma, springi na magurudumu

Wauzaji hupenda kuzungumzia mabati ya zinki. Chuma kilichochovywa katika zinki iliyoyeyushwa hudumu, na kwa mvuvi wa Mombasa au Lamu hakina mbadala kwa sababu ya chumvi. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi, na hula chuma polepole zaidi. Kwa hivyo trela ya chuma cha kawaida iliyopakwa rangi vizuri inaweza kuwa uamuzi wa busara Kisumu, mradi iundwe kwa vyuma vya mfereji vilivyo wazi. Bomba la mraba lililofungwa ndilo la kuogopwa. Maji huingia kupitia tundu la bolti au ufa wa kuchomelea, hayapati pa kutokea, na chuma huoza kwa ndani huku rangi ya nje iking'aa.

Kuhusu springi, kauli ya haki ni kwamba zile za mabamba zinafaa huku kuliko zile za mpira uliofichwa ndani ya ekseli. Za mpira husafiri kwa ulaini, lakini zikichoka hubadilishwa ekseli nzima. Bamba lililovunjika hupata mwenzake kwa mafundi wa jua kali wa Kibuye, au hata Sondu. Tahadhari ni moja: fundi asije akafunga springi za lori kwa nia njema ya kuimarisha. Springi ngumu kupita kiasi haijikunji chini ya mashua ya kilo 800, na mapigo yote ya barabara hupanda moja kwa moja hadi kwenye mbao.

Ekseli moja hutosha mashua nyingi za wastani. Uzito wa jumla ukizidi kilo 1,500, ekseli mbili huanza kuwa na maana, kwani tairi likipasuka trela hubaki imesimama. Hata hivyo ekseli mbili hukataa kugeuzwa kwa mikono ufuoni, na hilo ni tatizo mahali ambapo gari haliwezi kukaribia maji.

Ukubwa wa magurudumu uchaguliwe kwa kutazama maduka ya karibu. Rimu yenye matundu ya bolti yasiyo ya kawaida, kutoka trela iliyoagizwa ng'ambo, itamwacha mtu kando ya barabara ya Rabuor akiwa na fedha mfukoni na asipate cha kununua. Tairi na rimu zinazolingana na za pikapu inayovuta ndizo bora kuliko zote, kwani tairi moja la akiba huhudumia pande mbili. Magurudumu madogo mno, yale ya ukubwa wa toroli, huzunguka kwa kasi zaidi kwa kila kilomita, hupata joto na huzama kwenye udongo mweusi.

Beringi ndizo huua safari. Baada ya mwendo mrefu huwa moto. Trela ikirudishwa ziwani papo hapo, hewa iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu hupoa ghafla, hujikunyata, na kuvuta maji kupitia sili. Grisi hugeuka kuwa maziwa, kisha kutu. Dawa yake ni subira ya nusu saa kabla ya kuingia majini, na kofia za beringi zenye springi ndogo inayoisukuma grisi kutoka ndani. Seti moja ya beringi, sili na mkebe wa grisi visafiri na trela siku zote.

Anayetoka Kisumu atafika Ahero akiwa ameenda kilomita 25, baada ya kuvuka matuta ya Nyamasaria na Rabuor. Umbali huo unatosha kufichua kasoro. Hapo ndipo pa kusimama, kugusa kila kitovu kwa kiganja, kukaza nati za magurudumu na kuvuta mikanda upya. Kitovu kilicho vuguvugu hakina neno. Kisichoshikika kwa kiganja kinasema beringi imekauka au imebanwa mno, na safari isiendelee kuelekea Kendu Bay.

Breki na gari la kuvuta

Nchi za Ulaya huruhusu trela isiyo na breki zake hadi uzito wa jumla wa kilo 750 tu. Kipimo hicho ni kizuri kukifuata hata pale ambapo hakuna anayekidai. Juu yake, trela iwe na breki zinazojikaza zenyewe: gari linapopunguza mwendo, trela husukuma mbele, na msukumo huo huvuta kebo ya breki. Hazihitaji umeme wala kuunganishwa na breki za gari, na fundi wa kawaida anaweza kuzirekebisha.

Barabara ya tambarare kutoka Ahero hadi Kisumu inaweza kumdanganya mtu kuwa breki ni anasa. Njia ya Kericho haimdanganyi yeyote. Kutoka Ahero hadi Kericho, kwa umbali wa kilomita 60 hivi, barabara hupanda zaidi ya mita 800, na kinachopanda hurudi kushuka. Mnamo Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, liliua zaidi ya watu 50. Trela ya mashua si lori, lakini kilo 1,200 zinazomsukuma mtu kwenye mteremko uliolowa hazina kazi ndogo. Dereva hushuka kwa gia ya chini tangu juu, si baada ya breki kuanza kunuka.

Gari lenyewe lina kikomo cha kuvuta kilichoandikwa na mtengenezaji, na kikomo hicho hutofautiana kati ya modeli hata za jina moja. Toyota Hilux au Land Cruiser iliyo katika hali nzuri haitaona shida na mfano wetu. Probox, ambayo Nyanza imeibebesha kila kitu kuanzia samaki hadi wanafunzi, haifai, na heshima yake yote haiongezi uzito wala breki zake.

Kwa mwendo mfupi, trekta ni mshindani asiyetarajiwa. Ahero ina matrekta kwa sababu ya mpunga, na hakuna pikapu inayoweza kuingia kwenye tope la ufuo na kutoka kama trekta. Tatizo ni kwamba trela za trekta hutumia pete na pini badala ya kichwa cha duara, na nyingi hazina springi. Suluhisho ni trela ya mashua yenye mkono wa mbele unaobadilishika, wenye kikombe kwa pikapu na pete kwa trekta. Fundi hodari huiunda bila taabu.

Kushusha majini

Fuo zenye sakafu ya saruji inayoteremka majini ni chache. Kwingineko mteremko ni mdogo, na gari litalowa ekseli kabla mashua haijaelea. Mkono mrefu wa trela husaidia, na wengine huwa na kipande cha bomba cha mita mbili au tatu cha kuongeza urefu huo wakati wa kushusha tu, kisha hukitoa kabla ya kurudi barabarani. Trela iliyo chini chini hurahisisha kazi hiyo, lakini hukwaruza kila tuta. Kati ya mawili hayo, mvuvi wa huku achague kimo cha barabarani na aongeze mkono.

Taa zikiwa za kudumu kwenye chasi huzama na kufa. Ubao wa taa unaofungwa nyuma ya mashua, wenye waya mrefu, huondolewa kwa dakika moja ufuoni. Unapozidi nyuma ya chasi, huonekana pia vizuri na magari yanayofuata usiku, jambo muhimu kwa kuwa panga la injini hutokeza nyuma ya trela. Kitambaa chekundu hufungwa hapo mchana.

Baada ya kutoka majini trela huoshwa, na kila jani la gugumaji huondolewa kwenye rola, winchi na pembe za chasi. Gugu hilo lilianza kuonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na limewahi kuziba ghuba ya Winam kiasi cha mashua kushindwa kutoka. Kipande chenye mzizi kikisafiri hadi bwawa la maji ya mifugo au mfereji wa mpunga wa Ahero, kitakuwa kimepata shamba.

Nambari, bima na umiliki

Trela ni chombo cha barabarani, hata kama imechomelewa nyuma ya nyumba. Inahitaji kukaguliwa na kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, na hupewa nambari yake yenyewe inayoanza na herufi Z. Anayenunua trela iliyotumika adai hati ya umiliki inayolingana na nambari ya chasi. Anayeundiwa na fundi apatane naye mapema kuhusu nani atakayeipeleka kukaguliwa, kwani trela isiyopita ukaguzi baada ya fedha kulipwa ni mzigo wa mnunuzi. Daraja la leseni ya dereva lichunguzwe, na kampuni ya bima iulizwe kwa maandishi kama bima ya gari inafunika trela inayovutwa na mashua iliyo juu yake. Mashua ikiwa imesajiliwa kwa uvuvi, nakala ya stakabadhi zake isafiri nayo, hasa inapovuka kutoka kaunti moja hadi nyingine.

Gharama huwashinda wengi, na hapo kununua kwa pamoja ndiko kunakoonekana kuwa na mantiki. Kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, chenye mashua ishirini kinahitaji trela moja, si ishirini, hasa kama mashua hizo zinalingana kwa umbo. Kinachovunja mipango ya namna hiyo ni grisi: kila mtu hutumia, hakuna anayepaka. Fuo zinazotaka kuepuka hilo huweka daftari ambamo kila anayeichukua huandika tarehe, umbali na hali ya beringi anapoirudisha, na hutoza ada ndogo inayowekwa kando kwa ajili ya tairi na springi. Trela isiyotumika miezi kadhaa huinuliwa juu ya mawe ili magurudumu yasiguse udongo, mkono wake ukielekezwa chini kidogo ili maji ya mvua yasituame, na kiungio chake hufungwa kwa kufuli.